Aliyejificha Nyuma ya Kihenge

Wengi wanaoleta mikasa yao hapa huomba majina yao yafichwe. Siwalaumu, kila mtu na aibu yake. Mimi nimeomba kinyume. Nimemwambia mhariri jina langu aliandike lote, na kama halina nafasi huku juu basi aliweke mwishoni. Mkifika huko mtajua kwa nini.

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Ni mzaliwa wa Lalago, wilaya ya Maswa, mtoto wa wakulima wa pamba. Kwa sasa naishi Bariadi mjini na nashona nguo kwenye baraza la duka la vitambaa. Mwenye duka, Mama Zulfa, alinipa nafasi ya kuweka cherehani yangu bila kuniuliza maswali mengi, Mungu ambariki. Zamani sikuwa fundi. Nilikuwa mke wa mtu mashuhuri.

Mume wangu nitamwita Deus. Nilikutana naye kwenye kipaimara cha mdogo wangu. Wakati huo alikuwa mpiga picha wa kawaida tu, mwenye kibanda cha picha za pasipoti karibu na stendi ya Bariadi. Wapiga picha wengine walikuwa wanatupanga mstari mbele ya kanisa na kutuamrisha tucheke. Yeye hakuniamrisha. Alingoja mpaka nikacheka mwenyewe kwa jambo lingine kabisa, ndipo akabonyeza.

Aliponiletea picha ile niliitazama mpaka nikaona haya. Sikujua kwamba naweza kuonekana vile! Mwanamke akipata mwanaume anayemwona namna hiyo, akili inamtoka. Yangu ilitoka yote. Deus alileta ng'ombe kwa baba yangu, tukafunga ndoa kanisani, nikahamia kwake Bariadi.

Tulikuwa hatujamaliza mwaka shirika moja lilipomtafuta. Lilikuwa linataka picha za wajane walionyang'anywa mashamba na ndugu za waume zao upande wa Meatu. Deus ni mtu wa huko, kwao ni kijiji kisicho mbali na Mwanhuzi, hivyo wakaona atawafaa. Kumbe hawakujua kwamba amekulia shule za bweni. Kisukuma chake kilikuwa cha kusalimia na kuombea maji ya kunywa. Na hata kama angekijua chote, bado alikuwa mwanaume. Ni mwanamke gani wa kijijini atakayekaa chini amweleze mwanaume mgeni jinsi shemeji zake walivyomtoa shambani?

Basi mlango nikawa mimi.

Nilikuwa natangulia. Naingia uani, navua viatu, naamkia, "Mwangaluka, mayu," nakaa chini na kushika mahindi nianze kupukuchua pamoja na mwenye nyumba. Tunaongea ya mvua, ya pamba, ya watoto. Yakifika ya moyoni yanakuja yenyewe. Ndipo namwita Deus, naye anaingia taratibu, kamera ikiwa bado kwenye mkoba.

Lazima niseme ukweli, alikuwa na kipaji. Kuna bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamekuwa mekundu kwa miaka ya kupikia samadi ya ng'ombe, na majirani walikuwa wanamwita mchawi kwa hayo macho. Deus hakumpiga picha kama mtu wa kuonewa huruma. Alimpiga akicheka, akimfukuza mbuzi aliyekuja kula mboga zake. Ukiiona picha ile unatamani awe bibi yako. Tulipiga wajane, tukapiga wagonjwa wa ukoma waliopona lakini hawakaribishwi msibani, tukapiga akina mama wa Kitaturu ambao sokoni watu huwakwepa. Nasema tulipiga, kwa maana nami nilikuwamo.

Wanawake wale waliniuliza swali moja karibu wote. Picha yangu itaenda wapi? Nami niliwajibu kama mume wangu alivyonifundisha, kwamba itaenda pale tu wanapokubali iende. Deus alikuwa na msemo wake, aliusema kila mahali, hata kwenye semina za wakubwa alizoalikwa Mwanza na Dar es Salaam. "Sipigi uso ambao haujanikubalia." Watu walikuwa wanampigia makofi. Nami nilikuwa napiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Jina lake likakua. Akaacha picha za pasipoti, kibanda akakipangisha. Magazeti yakaanza kumwandika kuwa ni mtetezi wa wasiosikika. Tukahama chumba kimoja tukaingia nyumba yenye sebule. Kitu pekee kilichokuwa kinakosekana kwenye sebule hiyo ni mtoto.

Akina dada wenzangu mnaoelewa mtanielewa... Miaka ilipita. Mashangazi wa Deus walianza kuja kutusalimia na kuniangalia tumbo kabla ya kuniangalia usoni. Mama mkwe wangu pekee ndiye hakuniuliza. Mama huyu mimi namwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na sijawahi kumwita kwa jina lingine. Ni mwanamke mfupi, mkali, mwenye utani wa kuchoma. Mashangazi walipozidi aliwaambia, "Muacheni mkwe wangu. Hata ng'ombe mkimtolea macho hivyo hatashika mimba."

Mungu si Athumani. Nikapata ujauzito. Ulipokuwa mkubwa Deus alikuwa na safari nyingi, tukakubaliana nikajifungulie kwao Meatu, chini ya mkono wa mayu. Nilijifungua salama kituo cha afya, tukarudi nyumbani na mtoto mzima anayelia vizuri. Deus akapigiwa simu. Alifika na mkoba wake wa kamera, akamshika mwanae, akalia. Nilimwona kwa macho yangu akilia.

Asubuhi iliyofuata mtoto alikataa ziwa. Mwili ukawa wa moto. Baba mkwe alituma mtu wa pikipiki aje atupeleke, lakini pikipiki ilipofika mlangoni mayu alikuwa ameshamchukua mtoto mikononi mwangu. Alimfunika uso.

Kitovu kilikuwa hakijadondoka bado...

Hapa wasomaji wa mbali nitawaeleza. Katika ukoo ule mtoto ambaye kitovu hakijadondoka hatolewi nje, haonyeshwi kwa watu, wala hapewi jina. Akifa hafanyiwi matanga. Hakuna kulia kwa sauti, hakuna kupiga simu kwa ndugu. Wanaume wote wanaondoka nyumbani, wanakwenda zizini au malishoni, hata baba mzazi. Wanawake peke yao wanamzika nyuma ya nyumba, chini ya michirizi ya paa, ili maji ya mvua yampoze.

Nilijaribu kulia, mayu akaniwekea kiganja mdomoni. Akaninong'oneza, "Usipaze, ng'wanone, mwanangu. Ukipaza watakuja watu. Huyu hatakiwi kuonwa na macho ya nje. Akionwa, njia yake inaziba, hatarudi tena kwako." Akachukua pindo la kitenge changu akanipa niling'ate.

Deus aliondoka pamoja na baba yake. Nilimwona akipita mlangoni na fimbo mkononi, kichwa chini. Nikamwonea huruma kwa sababu mwanaume naye ni mzazi, na desturi haimpi hata nafasi ya kushika udongo.

Mayu alichimba mwenyewe kwa jembe la palizi. Alimvingirisha mtoto kwenye kitenge chake cha kusalia. Mimi nilikaa chini nimeegemea ukuta, blauzi imelowa kwa maziwa yaliyokuwa yanatoka bila kuitwa, pindo la kitenge kati ya meno. Upande wa pili wa ua palikuwa na kihenge cha mahindi. Nakumbuka nilisikia kitu kikichakura nyuma yake, nikadhani ni kuku anatafuta pa kutagia. Mtu akiwa na uchungu hashughuliki na kuku.

Tulipomaliza, mayu alisawazisha udongo kwa mguu, akanawa, akaniambia niingie ndani nilale. Wanaume walirudi na ng'ombe. Hakuna aliyeuliza kitu. Ndivyo ilivyo.

Kwa muda mrefu baada ya hapo kilichonishikilia kilikuwa neno moja tu la mayu, kwamba atarudi. Mimi ni Mkatoliki, nimesoma hadi kidato cha nne. Nilimweleza padre, akaniambia kwa upole kwamba mtoto wangu yuko kwa Mungu na mengine ni mambo ya mila. Nikamwitikia. Lakini nikifika kitandani nilikuwa nawaza kwamba njia iko wazi, hakuna aliyemwona, atarudi. Je, ni dhambi? Mwanamke aliyepoteza mtoto anashika kamba yoyote inayoning'inia.

Deus alibadilika. Alikuwa anakaa sana na kompyuta yake mlango ukiwa umefungwa. Nilidhani ni majonzi. Nilimpelekea chai, nikawa nagonga kabla ya kuingia kama mgeni, nyumbani kwangu mwenyewe!

Halafu siku moja akaja amebadilika uso. Ameshinda tuzo, tena kubwa, ya nje ya nchi. Nilimkumbatia. Nilimuuliza picha gani imeshinda, akasema ni ile kazi ya akina mama wa vijijini. Nikamwomba anionyeshe. Akasema, "Utaiona ikishatolewa rasmi, sasa hivi sheria hairuhusu." Nilikubali. Kwa nini nisikubali? Nilijua ni bibi yangu wa mbuzi.

Wasomaji, nilichinja majogoo. Nikapika pilau, nikawaita majirani na wanajumuiya wenzangu wa kanisani. Walikula, wakampongeza Deus, wakasema kweli mchumia juani hulia kivulini. Jumapili nikatoa sadaka ya shukrani. Nilipiga magoti mbele ya altare nikamshukuru Mungu kwa ajili ya picha ile...

Ukaja msimu wa Nane Nane. Deus alikuwa safarini. Mayu alipanda basi kutoka Mwanhuzi aje kuona maonyesho pale viwanja vya Nyakabindi, alikuwa amesikia kuna mbegu mpya ya pamba na madume ya ng'ombe makubwa kama nyumba. Alikuja amevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, kwa sababu ya vumbi. Tulizunguka mpaka miguu ikauma. Alibishana na mtaalamu mmoja wa mbegu, akala muwa, akasema madume yale ni makubwa lakini hayana adabu. Tulicheka. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu siku ile ya nyuma ya nyumba.

Ndipo nikaona hema la lile shirika. Nikamshika mkono nikamwambia, "Twende mayu, ukaone kazi ya mwanao."

Ndani kulikuwa na picha kubwa zimening'inizwa. Bibi wa mbuzi alikuwepo, nikamwonyesha mayu, akafurahi. Wajane wa Meatu walikuwepo. Mwisho wa hema, peke yake kwenye ukuta mzima, kulikuwa na picha moja ambayo watu walikuwa wameizunguka kimya. Wanafunzi walikuwa wamesimama mbele. Msichana mmoja mwenye fulana ya shirika alikuwa anawaeleza kwamba mpiga picha huyu alikaa kijijini muda mrefu mpaka akina mama wakamwamini, wakamruhusu kuingia mahali ambapo mwanaume hajawahi kuruhusiwa.

Mayu hajui kusoma. Lakini ndiye aliyeona kwanza. Alisimama, akaniminya mkono. "Ule ukuta," akasema. "Ule ufa wa ukuta si wa nyumbani kwangu?"

Nikainua macho.

Nilijiona. Nilikuwa nimekaa chini, macho yamenitoka, kitenge mdomoni kama mnyama aliyefungwa, blauzi imelowa kifuani. Mbele yangu mgongo wa mayu umeinama. Na mikononi mwake, kwenye kitenge cha kusalia, mwanangu. Pembeni ya picha kulikuwa na kivuli chenye mistari ya fito. Zilikuwa fito za kihenge.

Sikuanguka. Watu husema katika hali kama ile mtu huanguka, mimi nilibaki nimesimama nikasoma maandishi ya chini. Yaliandikwa hivi: *Mama wa kijijini akimzika mtoto wake mchanga, Simiyu. Jina la mama halikufahamika.* Chini yake jina la mpiga picha, limekamilika, la ubatizo na la ukoo.

Jina halikufahamika! Jina ambalo alilitamka mbele ya padre. Jina ambalo lilikuwa kwenye simu yake, ambalo alikuwa analiita kila asubuhi akitafuta soksi...

Mwanaume mmoja nyuma yangu alisema kwa masikitiko, "Hawa akina mama wa vijijini wanateseka sana." Alikuwa anatafuna karanga.

Mayu alifungua kitenge chake cha juu. Akapita katikati ya wanafunzi, akanyoosha mikono, na kwa kuwa ni mfupi ilimbidi asimame kwa vidole, akakitundika kitenge juu ya picha, akaifunika. Kisha akageuka akaisimamia.

Yule msichana alimwomba akiondoe. Mlinzi akaja, kijana tu, akamshika bega kwa adabu, "Bibi, hairuhusiwi kugusa." Mayu alimtazama kwa utulivu ambao mimi nilikuwa nauona mara ya pili.

"Huyu ni mjukuu wangu," alimwambia. "Sijamaliza kumzika. Subirini nje."

Mlinzi alirudi nyuma. Baadhi ya akina mama waliokuwepo wakaanza kutoa watoto nje bila kuambiwa na mtu. Walikuwa Wasukuma, walielewa.

Mwisho wakaja wakubwa wa shirika na maneno mengi ya pole. Walisema wao hawakujua, waliambiwa ruhusa ipo. Picha iliteremshwa siku hiyo. Lakini ilikuwa nakala moja tu. Zingine zilikuwa zimeshakwenda kwenye vitabu na kalenda, na kwenye simu za watu ambao hata ramani ya Tanzania hawaijui.

Deus aliitwa nyumbani kwao. Tulikaa sebuleni kwa mayu, yeye, mimi, na wazazi wake wawili. Baba mkwe aliinamisha kichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mayu aliuliza swali moja. "Siku ile tulipokuwa nyuma ya nyumba, wewe ulikuwa wapi?"

Deus hakukana. Alisema aliwaambia wenzake anarudi kuchukua kamba ya ndama. Alisema alipoona jinsi nilivyokaa alishindwa kuondoka. Akasema kila mtu ana namna yake ya kulia, na yeye analia kwa kamera. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Niseme ukweli wangu. Hapo nilitaka kumwamini. Mwanaume aliyepoteza mtoto na kunyimwa hata kumzika, akashika kitu pekee anachojua kushika... moyo wangu ulianza kulainika. Kama angeishia hapo, na kama picha ile angeifungia sandukuni, labda leo ningekuwa bado mke wake.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuandika jina langu?"

Alifuta machozi kwa kiganja. Nikarudia. Akasema, "Wangejua ni mke wangu, wangesema nimewapanga. Picha ingekosa nguvu."

Basi. Nguvu ya picha. Alifikiri, alipima, akaona mke mwenye jina anapunguza thamani ya picha na mke asiye na jina anaiongeza. Halafu akaenda kupokea tuzo, akarudi akala pilau yangu. Aliniona kwa jicho lilelile aliloniona nalo siku ya kipaimara, ila sasa hakuwa ananiona mimi tena.

Mayu aliinuka. Alimwambia mwanae kwa Kisukuma cha taratibu, ili akielewe, "Umewaleta watu wote wa dunia nyuma ya nyumba yangu. Sasa mtoto atapita wapi?" Akatoka nje. Sikumsikia akimsemesha tena siku hiyo.

Niliondoka kwa Deus na cherehani na nguo zangu. Hakunizuia sana. Kazi yake haikufa, msidhani. Walimlaumu kidogo, wakasema atoe maelezo, akatoa, wakasahau. Nasikia bado anaalikwa kufundisha vijana. Sijui kama ule msemo wake bado anautumia.

Mimi ndiye niliyebaki na swali. Natembea Bariadi, mtu akinitazama zaidi ya kawaida najiuliza, huyu ameniona? Ameniona nikiwa vile? Na nikiota mtoto, namwota amesimama mbali, katikati yetu kuna watu wengi wamesimama na simu zao, hanioni. Padre aniwie radhi. Najua mafundisho. Lakini ndoto haijasoma katekisimu.

Sasa niwaeleze kilichonifanya niandike. Majuzi nilikuwa nashona sare za kwaya, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la jumuiya yetu. Mama mmoja, ambaye hana ubaya wowote, alikuwa ameirusha picha ile. Yeye aliipokea kutoka kwa mtu, aliyeipokea kwa mtu. Juu yake aliandika, "Wapendwa, tumwombee mama huyu asiyefahamika jina, aliyempoteza mwanae. Sambaza kwa wengine."

Wakaanza kujibu mmoja baada ya mwingine. Amina. Amina. Mungu amfariji popote alipo. Walikuwa watu wale wale niliowapikia pilau. Hawakunitambua! Tunasali pamoja kila wiki, tunapeana chumvi, na hawakunitambua, kwa sababu walishaambiwa kwamba huyu ni mtu asiyefahamika.

Nilisimamisha mguu kwenye pedeli. Mama Zulfa aliniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna. Nikashika simu, nikaandika:

"Wapendwa, anafahamika. Ni mimi mwenzenu. Asante kwa maombi. Mtoto alikuwa wa kike."

Mmoja akaandika kwamba ameifuta ile picha kwenye simu yake, kisha mwingine. Jioni yule mama aliyeirusha alikuja hadi barazani, akakaa kwenye benchi pembeni ya cherehani. Tukakaa. Mtoto wangu alipata matanga yake siku hiyo, ya mtu mmoja.

Ndugu zangu mnaosoma, siwakatazi kupiga picha. Wajane wa Meatu walistahili kuonekana, na bibi wa mbuzi alistahili kucheka mbele ya dunia. Lakini wewe mwenye kamera, na wewe mwenye simu unayeinyanyua msibani, nakusihi. Kama umelazimika kujificha ili upige, tayari umejibiwa. Na wewe unayepokea picha ya mtu anayelia, kabla ya kusambaza, jiulize kama mwenyewe anajua kwamba unamtazama.

Na ninyi akina dada mnaotangulia kuwafungulia waume zenu milango ya watu, nami nilikuwa mmoja wenu. Siku mlango ukiwa wako, angalia nani amebaki nyuma ya kihenge.

Mwanangu ndiye hakupewa jina, maana kitovu chake kilikuwa hakijadondoka. Mimi changu kilidondoka zamani, Lalago, nyumbani kwa baba yangu, nikapewa langu mbele ya watu.

Mimi ni Kabula Machibya.